Pata potea ndani ya albamu: hesabu ya kadi za picha za K-pop

Fungua albamu ya K-pop, muziki wa pop wa Korea Kusini, utakuta CD, kitabu cha picha, na kadi ngumu ya milimita 55 kwa 85, karibu sawa na kadi ya benki. Hiyo kadi ndiyo bidhaa. CD ni kisingizio. Mashabiki wengi hawana hata mashine ya kuichezea.

Kila kadi ina sura ya msanii mmoja wa kundi, na albamu inauzwa ikiwa imefungwa, huwezi kuchungulia. Tuchukue kundi la watu 7, kadi moja kwa kila albamu, sura zote zikiwa zimechapwa kwa idadi sawa. Shabiki anayemtaka mmoja tu hudhani akinunua albamu 7 atampata. Thubutu! Katika kila albamu ana nafasi 6 kati ya 7 za kumkosa, kwa hiyo mashabiki 100 wakinunua 7 kila mmoja, kama 34 watatoka mikono mitupu. Wakifika albamu 14 watabaki 12 hivi. Hata baada ya 20, watu 4 au 5 bado wanalia.

Anayetaka seti nzima ya hao 7 atanunua kwa wastani albamu 18. Kwa kundi kama SEVENTEEN, lililoanza na watu 13, hesabu hiyohiyo inafika 41. Kadi za mwanzo huja upesi. Inayokula pesa ni ya mwisho: ukiwa na 12 mkononi, kuipata ya 13 peke yake kunadai wastani wa albamu 13 nyingine.

Na hapo sijagusa matoleo. Albamu moja hutoka na majalada kadhaa, kila jalada na kadi zake, halafu maduka nayo huongeza kadi zao kwa wanaoagiza mapema.

Kinachoniudhi zaidi ni bahati nasibu ya kukutana na msanii. Kila albamu unayonunua kwenye duka lililotajwa, ndani ya siku zilizotajwa, ni tiketi moja. Washindi wachache hupata dakika moja au mbili mbele yake, au kwa simu ya video. Kwa kawaida hakuna anayetangaza mshindi alinunua ngapi, basi mashabiki hukisia, na anayeogopa kukosa hukisia juu. Ni mnada ambao walioshindwa nao hulipa.

Ongeza mauzo ya wiki ya kwanza, ambayo Hanteo, chati ya mauzo ya muziki ya Korea Kusini, huyahesabu na mashabiki huyafuata kama matokeo ya mechi. Asiyenunua anaonekana msaliti.

Mabaki yanaonekana kwa macho. Takwimu za wizara ya mazingira ya Korea Kusini zinaonyesha plastiki ya albamu ilipanda kutoka tani 55.8 mwaka 2017 hadi 801.5 mwaka 2022. Mwaka 2024, marundo ya albamu za SEVENTEEN yalikutwa yametelekezwa barabarani Shibuya, Tokyo, anayetaka ajichukulie.

Kama mwanao ameshanasa, usimkataze kadi, mkataze kubahatisha. Anunue kadi anayoitaka kwa shabiki mwenzake. Adai video, si picha: kadi igeuzwe mbele na nyuma chini ya mwanga, kando yake kuwe na karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe ya leo. Aangalie kingo na maandishi ya nyuma, maana kadi za kughushi mara nyingi huchapwa kwa wino uliofifia au kukolea kupita kiasi. Ajihadhari na makundi ya kuagiza pamoja, ambako mtu mmoja hushika pesa za wote miezi kadhaa. Akitoweka, hakuna wa kumdai.

Bei itamshtua. Kadi ya msanii anayependwa ikiuzwa sawa na albamu 3, ataiita wizi. Mwonyeshe ile hesabu ya 7.