Presi ya tani 20 kutoka kwenye vyuma chakavu: anza kwa kuuliza chuma kilifanya kazi gani

Ukienda kwa wauza vyuma chakavu, Gikomba jijini Nairobi au kwingineko, utasikia swali moja tu: kilo ni pesa ngapi? Mimi bei huiacha mwisho. Kwanza nataka kujua kile kipande kilikuwa sehemu ya nini. Kama kilibeba mzigo wa lori, nitakipa mzigo. Kama kilikuwa kikizunguka na kusokotwa, nitakitafutia kazi ya aina hiyo. Ndivyo nilivyojenga presi ya karakana yangu, mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya jeki, ambayo leo inatoa beringi zilizoganda, inaingiza bushi za springi na kunyoosha shafti.

Wengi hudhani nguvu ya presi inaishia sakafuni, kwa hiyo wanamwaga zege nene chini na kusahau juu. Sivyo. Jeki ya tani 20 inatoa takribani nyutoni 196,000, na nguvu yote hiyo inabaki ndani ya fremu. Boriti ya juu inasukumwa ipae, meza inasukumwa ishuke, na nguzo mbili za pembeni zinavutwa kama kamba. Sakafu inabeba uzito wa mashine yenyewe tu.

Basi tuiangalie meza, kwa sababu ndiyo inayopinda. Tuseme nafasi kati ya nguzo ni sentimita 50 na mzigo uko katikati kabisa. Ukiweka chaneli mbili (vyuma vyenye umbo la C) za milimita 100 kwa 50, zikisimama kwa kimo chao, mkazo unafika kama megapaskali 300, kipimo cha nguvu kwa eneo. Chuma laini cha kawaida hukubali kupinda moja kwa moja kwenye 250 hivi. Meza hiyo itabaki na tumbo. Sasa weka chaneli mbili za milimita 160 kwa 65: mkazo unashuka hadi 110 hivi, nawe unalala usingizi. Hapa ndipo mizani ya muuzaji inapodanganya. Chaneli ya 160 ina uzito usiofika mara mbili ya ile ya 100, lakini uwezo wake wa kukataa kupinda unakaribia mara tatu. Tafuta kimo, usitafute kilo. Ukipata kipande kizito lakini kifupi kwa kimo, kiache.

Chanzo ninachokipenda ni chasi ya lori. Ila chasi ina historia, na historia hiyo hukaa kwenye matundu ya ribiti, yaani misumari ya kuunganishia vyuma. Nyufa huanzia pale, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni chini ya kutu na grisi. Safisha kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, kisha pangusa pakauke na unyunyizie unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Njia hii ni ya zamani na haigharimu chochote. Baada ya hapo vuta uzi kutoka ncha hadi ncha, maana lori likifika kwenye vyuma chakavu mara nyingi limeshaanguka, na chasi iliyojisokota hainyooki kwa nyundo.

Springi za lori, zile za majani, ni chuma kizuri mno kwa patasi, visu na vyuma vya kutobolea. Usizichomelee kwenye fremu. Zina kaboni nyingi, na pembeni mwa mchomo chuma kinapoa haraka na kuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Leo kinashika, kesho kinakatika bila kutoa onyo. Kama hujui unachoshika, kiguse kwenye grinda. Chuma laini hutoa cheche ndefu za manjano zenye matawi machache. Cha kaboni nyingi hulipuka kama nyota nyingi ndogo. Chuma cha kumimina hutoa cheche fupi, nyekundu, zilizofifia.

Pini za kushikilia meza ndizo watu wanazozidharau. Kila upande unabeba tani 10. Ukikata nondo laini ya milimita 20 ukaiita pini, hata ikiwa inabeba katika sehemu mbili, mkazo wa kukatwa unapita megapaskali 150, na chuma laini hukubali kwenye 145 hivi. Utaitoa ikiwa imejipinda, kama itatoka. Tumia boliti zenye namba 8.8 kichwani, sehemu isiyo na nyuzi ndiyo ikae ndani ya tundu, au kata ekseli nyembamba ya nyuma ya pikapu.

Kuhusu reli: kipande cha reli ni fuawe nzuri, na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wanafulia juu yake kila siku. Lakini kinunue penye risiti, usije ukauziwa cha wizi. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu kama nguzo za umeme, na waliolala njaa ni sisi wa karakana.

Jeki nyingi za chupa hazifanyi kazi zikipinduliwa kichwa chini, kwani zinavuta hewa badala ya mafuta. Kwa hiyo jeki yako iache isimame, ikae juu ya kitako kinachoteleza kati ya nguzo, na kichwa chake kisukume boriti ya juu; kitako ndicho kitashuka na kukandamiza kazi. Springi mbili ndefu za kuvuta, moja kila upande, zitakirudisha kitako juu ukifungua vali.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, shika kwa vidoa vidogo vya kuchomelea, pima fremu kona hadi kona kwa njia zote mbili, vipimo vilingane, ndipo uchome kwa zamu upande huu na ule. Bomba lililopakwa zinki lisage hadi chuma cheupe, au fanya kazi nje penye upepo. Moshi wa zinki huleta homa ya usiku mzima.

Siku ya kujaribu, weka kigogo cha chuma laini mezani, si beringi. Beringi imefanywa ngumu mno na ikipasuka hurusha vipande. Simama pembeni, vaa miwani, ongeza nguvu kidogo kidogo, na kila ukifungua vali pitisha uzi chini ya meza. Uzi ukionyesha kuwa haikurudi ilipokuwa, punguza tani au ongeza kimo cha boriti kabla ya kumchukulia mteja kazi.