"Wakili, Mimi Sikumtaja Mtu Jina"

Wiki jana mama mmoja aliketi mbele ya meza yangu akanisukumia simu ikiwa imefunguka kwenye Facebook. "Wakili, soma mwenyewe. Jina la mtu halimo." Nikasoma. Posti ilisema hivi (nimebadilisha mambo mawili matatu, maana siri ya mteja ni siri): "Kuna mweka hazina wa chama chetu hapa Kayole, anauza mitumba karibu na steji, juzi kanunua Probox nyeupe. Pesa za nani? Mwenye masikio na asikie." Chini yake komenti arobaini na ushei. Ya tatu ilikuwa jina kamili la mhusika. Ya saba ilikuwa picha ya hiyo Probox.

"Mama, chama chenu kina waweka hazina wangapi?"

"Mmoja."

Nimelisikia hili la "sikumtaja jina" mara nyingi mno, na mwenye kulisema huwa amekuja kifua mbele, anadhani ameizunguka sheria. Sheria ya kashfa hapa Kenya, yaani ya kumchafulia mtu jina, haijali ulificha jina au uliliandika. Hapo inauliza swali moja tu: mtu anayemfahamu mhusika akisoma maneno haya, atajua ni yeye anayesemwa? Mtaa, kazi, cheo kwenye chama na rangi ya gari vikiwekwa pamoja vinatosha kuliko jina. Hata jina lina wenzake. Mweka hazina huyo hana mwenzake.

Mama akajitetea kwamba waliomtaja ni wengine kwenye komenti. Hapo ndipo alipojimaliza. Komenti zile ndizo zitakazopelekwa kortini kuonyesha kwamba wasomaji walimtambua mlengwa. Kila "hahaa tunamjua" ni shahidi wa upande wa pili. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Na kwa umbea, Nairobi haina mjinga. Herufi mbili za jina, picha iliyofunikwa macho, "kofia ikikutosha vaa", yote ni njia moja.

Unachoweza kuponea ni ukubwa wa kundi. Ukisema makanga wa Nairobi ni wakora, hakuna makanga atakayekushtaki akashinda. Ukisema makanga wawili wa gari fulani ni wezi, kila mmoja wao anaweza kuja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mama huyu huenda alikuwa na hoja. Hesabu za chama zilikuwa na pengo. Angeyasema mashaka yaleyale kwenye mkutano, mbele ya wenye pesa, bila chuki, aombe daftari lifunguliwe, sheria ingempa kinga, kwa kuwa wanachama wana haki ya kuelezana kuhusu mali yao. Kinga hiyo aliitupa alipowapelekea habari hiyo watu wa Rongai na Doha wasio na shilingi kwenye chama.

Mengine nayapitia haraka.

"Niliandika inasemekana." Kurudia uvumi ni kuusema. Aliyefowadi naye yumo.

"Ilikuwa grupu la WhatsApp tu, si hadharani." Kashfa inatimia akisoma mtu mmoja mbali na wewe na unayemsema.

"Ni kweli, basi niko salama." Kwenye kashfa ukweli ni kinga, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wako, na "kila mtu anajua" si ushahidi. Tena kuna ukweli usio wako kuutangaza: hali ya mtu ya virusi vya ukimwi inalindwa na sheria ya mwaka 2006, iwe kweli namna gani.

"Alikuja saluni kwangu mwenyewe, nikampiga picha mahali pa watu wengi." Hili si la kashfa, ni la ulinzi wa data, na napenda kulijibu kwa shilingi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa wa Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zisizo na ruhusa ya wazazi. Mwenye saluni, omba ruhusa kwa ujumbe wa simu na uuhifadhi. Ni sekunde kumi.

"Nitafungwa kwa kumchafulia mtu jina." Kosa hilo la jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, Mahakama Kuu ililibatilisha Februari 2017. Lakini kesi ya fidia bado ipo, nayo inauma vya kutosha.

Upande wa pili nao una vituko vyake. Wenye hoteli huja wakitetemeka kwa hasira kwamba mteja ameandika "pilau ilikuwa baridi na nilingoja saa nzima". Hiyo ni maoni juu ya jambo lililotokea. Pasha pilau. Angesema nyama ni ya punda, hapo tungeongea.

Na ukichafuliwa kweli, una miezi kumi na miwili ya kufungua kesi, si zaidi. Piga skrinshoti nzima yenye tarehe na jina la akaunti, usikate pembeni, usiuze simu hiyo. Korti itataka cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki.

Mama nilimwambia posti ifutwe siku hiyohiyo na aombe radhi palepale alipoandika. Kufuta hakufuti kosa, lakini radhi ya haraka hupunguza fidia. Akakubali, akaanza kuandika mbele yangu, kisha akanionyesha: "Kama kuna mtu alijiona kwenye posti yangu ya Jumamosi..."

Nikamwomba ile simu.