Je, wajua kwa nini kumwokoa usiyemjua kunaweza kukufikisha kizimbani?

Uko ndani ya basi, unarudi nyumbani kutoka kazini. Dirishani unaona mwanamume mzima amemkaba kijana, amempindua mkono nyuma ya mgongo, na kijana analia asaidiwe. Utashuka?

Gladstone Williams alishuka. Hii ilikuwa Uingereza, na rufaa yake iliamuliwa mwaka 1983. Alimwendea yule mwanamume akamuuliza kulikoni. Akajibiwa kwamba yeye ni polisi na anamkamata kijana kwa unyang'anyi. Williams akataka kuona kitambulisho, hakikuwepo. Ikawa purukushani, akamtwanga mwanamume ngumi ya uso. Kumbe jibu lile lilikuwa nusu kweli: mwanamume hakuwa polisi, lakini kijana alikuwa ametoka kumpora mwanamke muda mfupi uliopita, na yule aliyemshika alikuwa raia mwema tu. Williams alikuwa amemtetea mporaji na kumuumiza msamaria.

Alitiwa hatiani kwa shambulio, akakata rufaa, akashinda. Mahakama ya Rufani ilisema apimwe kwa mambo jinsi alivyoyaamini kwa dhati wakati ule, hata kama alikosea. Uamuzi huo hauko mbali na sisi, maana kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaelekeza kwamba nguvu inayotumika kujitetea ipimwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji.

Sasa tazama jambo moja. Williams alitumia ngumi. Angekuwa na kisu mkononi, huenda sheria ingemsamehe kosa lake la kuamini, lakini msamaria angekuwa kaburini. Anayejitetea mwenyewe anajua ugomvi ulianzaje. Anayemtetea asiyemjua ameikuta hadithi katikati. Kwetu hapa mtu mmoja akipaza sauti "mwizi!", kabla hujauliza kaiba nini, wananchi wenye hasira kali wameshafika na matofali. Kila mmoja wao anaamini anasaidia.

Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema wazi kwamba unaweza kujitetea, kumtetea mtu mwingine, hata kutetea mali. Ruhusa ipo. Kinachowaponza watu ni kiasi. Kifungu ambacho wanasheria wamekizoea kama 18B kinakupa nguvu ya kadiri inayohitajika tu, na ukisababisha kifo kwa kuzidisha, umeua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Kiasi hicho hubadilika kufumba na kufumbua. Kibaka kamwinulia mama mmoja panga, wewe una rungu. Pigo linaloliangusha panga ni utetezi. Panga likishakuwa chini, kibaka akageuka kukimbia, ukimfuata na kumpiga kisogoni unaadhibu, na hiyo kazi hukupewa. Jaji wa Uingereza, Lord Morris, alilieleza hili mwaka 1971 katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaika. Alikiri kwamba aliyeshambuliwa hawezi kupima kwa usahihi kamili nguvu anayohitaji, na mahakama inapaswa kulielewa hilo. Lakini hatari ikishapita, nguvu inayoendelea inaweza kuwa kisasi tu. Daktari atakayechunguza maiti ataandika jeraha liko kifuani au mgongoni, na mstari huo mmoja wa ripoti unaweza kuzidi maneno yako yote.

Halafu kuna kusubiri. Tanzania shtaka la mauaji halina dhamana. Hata kama mwishowe jaji atakuachia huru, njiani utakaa mahabusu, upande wa mashtaka ukisimama kila tarehe kusema upelelezi haujakamilika. Mimi naona hiyo ni adhabu kamili, na hutolewa kabla ya hukumu.

Mwili nao una hesabu zake. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City huko Marekani, aliandika matokeo ya majaribio yake: mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani kama mita sita na nusu, hukufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Raia ambaye silaha yake iko ndani ya begi ana nafasi ndogo zaidi. Na risasi ikimkosa adui haiishii hewani, bati la jirani haliizuii.

Kwa hiyo mimi kwanza ningepiga yowe. Ningewasha taa, ningeita watu kwa majina, ningepiga 112, kisha ningeuliza kama Williams alivyouliza. Silaha ningeiacha kwa saa ambayo mtu anauawa mbele ya macho yangu na hakuna njia nyingine, na hapo nisingesita.

Ikikufika saa hiyo, adui akishaanguka rudi nyuma, weka silaha chini, inua mikono ionekane, mwambie mtu mmoja aite polisi na mwingine azuie damu ya majeruhi. Fanya hivyo upesi. Atakayefika baada yako hakuona panga likiinuliwa. Anachoona ni wewe, umeshika rungu, umesimama juu ya mtu aliyelala chini. Na yeye pia ana haki ya kumtetea asiyemjua.