Bagi haizuiliwi na testa wa mwisho wa spirinti: dhana potofu kuhusu Lean kwenye timu za ajaili

Siku hizi kila timu ya ajaili (inayotengeneza programu za kompyuta kwa vipande vifupivifupi) inasema inafanya Lean, ule mtindo wa kazi uliotoka Toyota wa kupunguza upotevu, ukiuliza Lean yenyewe ni nini unaonyeshwa ubao wa kanban (ubao wa kufuatilia kazi, kila kazi na kadi yake) na kadi za rangi, basi. Ile sehemu ya ubora, ambayo ndo roho ya mambo yenyewe kule Toyota, inarukwa kabisa, alafu watu wanashangaa mbona bagi (makosa ya programu) za spirinti hii, yaani awamu hii fupi ya kazi, ni ndugu wa bagi za spirinti iliyopita. Nimeokota dhana ninazokutana nazo sana, nyingine ntazigusa tu.

Dhana: "Ubora ni kazi ya testa"

Hii ndo mama yao. Developa anaandika kodi (yale maandishi ya programu, sio ya serikali) wiki nzima, Alhamisi jioni anamrushia testa, yule anayeijaribu, Ijumaa ni demo, siku ya kumuonyesha mteja. Testa akikuta bagi za kutosha eti yeye ndo anachelewesha! Ukweli ni kwamba ukaguzi wa mwisho hauzuii kosa, unalikuta limeshazaliwa na pengine limeshazaa. W. Edwards Deming, yule mtakwimu Mmarekani aliyewafundisha Wajapani miaka ya 1950, kwenye pointi zake 14 ile ya tatu inasema kabisa acheni kutegemea ukaguzi ili mpate ubora, ujengeni ndani ya bidhaa toka mwanzo. Hajasema testa wafukuzwe (kuna mabosi wakisikia hivi wanachangamkia kupunguza watu). Testa anahamia mbele tu, anakaa na developa na mwenye bidhaa (anayeamua nini kitengenezwe) kabla hata mstari mmoja haujaandikwa na anauliza yale maswali yake ya kukera, mteja akibonyeza "lipa" mara mbili inakuaje, intaneti ikikata katikati ya malipo pesa inahesabika iko wapi, mtu akiwa na jina moja tu fomu inamkataa? Kila jibu linakua jaribio la otomatiki linaloandikwa sambamba na kodi.

Dhana: "Makosa ni uzembe, watu wawe makini"

Hapa tukae kidogo. Mwaka 1961 Shigeo Shingo, injinia Mjapani, alitembelea kiwanda cha Yamada Electric. Pale kulikua na swichi ndogo yenye vitufe viwili na chini ya kila kitufe inakaa springi, sasa wafanyakazi mara mojamoja walikua wanasahau springi moja, swichi inafika kwa mteja haifanyi kazi. Wanakemewa, wanakua makini kwa muda, kosa linarudi palepale. Shingo hakuongeza ukali wala mkaguzi. Alibadilisha utaratibu: kabla hujaanza kuunganisha, chukua springi mbili uziweke kwenye kisahani. Ukimaliza swichi alafu kisahani bado kina springi, unajua hapohapo umesahau moja. Kazi ya kukumbuka ikatoka kichwani mwa mtu ikahamia kwenye kisahani, na mbinu za namna hii, za kuzuia kosa lisitokee au lionekane hapohapo, ndo zinaitwa poka-yoke.

Sasa angalia kwenye programu. Una fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi moja) inapokea namba mbili, kiasi cha pesa na idadi ya siku, zote ni namba za kawaida tu, mtu akizigeuza hakuna kinacholia mpaka ankara imfikie mteja. Ukitengeneza aina ya data ya Pesa na nyingine ya Siku, kompaila (programu inayotafsiri kodi kwa ajili ya kompyuta) inakataa hapohapo na kosa hilo halina tena mlango wa kupitia. NASA, shirika la anga la Marekani, walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilichotumwa sayari ya Mars mwaka 1999 kwasababu programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikavisoma kama vya metriki. Wale sio wazembe jamani, ni namba tupu zilizosafiri bila kipimo chake.

Au ile skripti ya kufuta data. Timu nyingi zinaandika juu yake kwa herufi kubwa "USIENDESHE KWENYE SEVA YA LAIVU" (ile inayotumiwa na wateja), na hiyo ni kukemea tu, ila kwa maandishi. Bora skripti ikudai uandike jina la databesi kwa mkono ndo iendelee. Bora zaidi akaunti unayotumia kila siku isiwe na ruhusa ya kufuta kitu chochote laivu. Hizo ni ngazi mbili tofauti, ya kwanza inakushtua, ya pili inakuzuia, na ukiweza kupata ya pili usiridhike na ya kwanza.

Dhana: "Kusimamisha kazi kwa ajili ya bagi moja ni kupoteza muda"

Sakichi Toyoda, Mjapani ambaye familia yake ndo ilianzisha Toyota, mwaka 1924 alikamilisha mashine ya kufuma ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe. Faida ikawa mbili, kitambaa kibovu hakiendelei kufumwa, na mtu mmoja akaweza kusimamia mashine nyingi manake hana haja ya kuikodolea macho kila moja. Baadae kwenye magari ikaja ile kamba ya andon, mfanyakazi yeyote akiona tatizo anaivuta. Watu wanadhani ukivuta tu kiwanda kizima kinaganda. Sivyo, kiongozi wa kundi anakuja mbio, wakilimaliza kabla gari halijafika mwisho wa kituo mstari hata hausimami.

Kwenye timu ya programu kamba yako ni ile bildi (kodi yote ikikusanywa na kujaribiwa na mashine) ikiwa nyekundu, yaani imefeli. Swali ni je, kuna anayekuja mbio? Timu nyingi bildi inakaa nyekundu mchana kutwa, watu wanaendelea kuunganisha kodi juu yake, "aa hilo jaribio huwa linafeligi tu". Basi hapo huna kamba, una taa ya mapambo. Sheria yenyewe fupi, ikiwa nyekundu hakuna anayeunganisha kitu kipya mpaka irekebishwe, au mabadiliko ya mwisho yarudishwe nyuma. Jaribio linalofeli ovyo ovyo nalo litengenezwe au litolewe, manake linawafundisha watu kupuuza.

Dhana: "Uliza kwanini mara tano utampata mkosaji"

Kuna mbinu ya Lean ya kuuliza "kwanini" mara tano ili ufike kwenye chanzo cha tatizo. Kwanza tano sio amri, pili hatutafuti mtu, na tatu mara nyingi sababu haiko moja. Chukua Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa kwa kompyuta, tarehe 1 Agosti 2012. Kodi mpya ilitakiwa kwenda kwenye seva 8, fundi akaiweka kwenye 7. Ukiishia hapo unapata mkosaji na hujajifunza kitu. Endelea kuuliza: kwanini hakuna aliyegundua? Hakukua na mtu wa pili wa kuhakiki wala utaratibu ulioandikwa wa kudai hivyo. Kwanini ile seva moja ilileta balaa? Ilikua bado ina kodi ya zamani isiyotumika miaka mingi, na kodi mpya ikatumia tena swichi ileile (ya ndani ya programu) iliyokua inaiwasha ile ya zamani. Kulikua na dalili? Ndiyo, asubuhi ile kabla soko halijafunguliwa mfumo ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu, ila hazikua zimetengenezwa kama king'ora, hakuna aliyezifanyia kazi. Alafu katikati ya taharuki wakaondoa kodi mpya kwenye zile seva 7 zilizokua sawa, mambo yakazidi. Dakika kama 45, zaidi ya dola milioni 440 zimekwenda. Hesabu mwenyewe ni sehemu ngapi pale ungeweza kuweka kisahani cha Shingo.

Dhana: "Tukiongeza saini za kuidhinisha makosa yatapungua"

Mara nyingi yanaongezeka. Idhini ikiwa ngumu watu wanasubiri, mabadiliko yanarundikana, mwisho mnatoa furushi la wiki sita kwa mkupuo na likivunjika hamjui ni mstari gani. Na hakuna binadamu anayekagua mistari elfu mbili kwa umakini, atashuka nayo chini haraka alafu ataandika "iko poa". Lean inataka mafungu madogo: mabadiliko ya mistari michache, yanakaguliwa siku hiyohiyo, yanaenda laivu, yakigoma unajua yalikotoka. Pia weka kikomo cha kazi zinazoendelea kwa wakati mmoja, developa mwenye kadi nne wazi lazima kuna kitu atasahau.

Dhana: "Lean ni ya viwandani, programu ni tofauti"

Nusu kweli. Kiwandani unarudia kitu kilekile maelfu ya mara, kwenye programu kila kadi ni mpya. Kwahiyo kuchukua chati zao za kupima milimita na kuzibandika kwenye spirinti ni kujichosha. Ila kuna vitu mnarudia kila siku: kubildi, kupima, kupeleka laivu, kubadili muundo wa databesi. Anzieni hapo.

Dhana: "Majaribio yetu yanagusa asilimia 100 ya kodi, tuko salama"

Hiyo asilimia inasema mstari uliendeshwa, haisemi kuna aliyeangalia jibu. Jaribio linaweza kuita fankisheni, lisihakiki chochote, na bado likahesabiwa. Fanya hivi kesho: nenda kwenye kodi ya kukokotoa punguzo, pale penye "zaidi ya" weka "zaidi ya au sawa na", endesha majaribio yote. Yakibaki kijani, umeshajua pa kuanzia.