Kipandauso baada ya kugonga kichwa: dawa ya kila siku ni ya kazi gani?

Nilianguka na bodaboda miezi mitatu iliyopita. Picha ya CT ya kichwa ilionyesha kiko salama. Mbona bado kinaniuma?

CT hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani humo, maana kilichovurugika ni utendaji wa neva, si umbo la ubongo. Kwa hiyo picha kuwa safi haina maana kwamba unajisingizia. Maumivu haya kwa kawaida huanza ndani ya siku 7 baada ya ajali, na kwa wengi hupungua yenyewe. Yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. Mara nyingi huja na sura ileile ya kipandauso: kichwa kinapwita, kichefuchefu, mwanga wa jua unachoma macho, ukipanda ngazi ndiyo yanazidi.

Lakini kuna kichwa kisichosubiri miadi ya kliniki. Kama maumivu yanaongezeka siku hadi siku, unatapika mara kwa mara, unachanganyikiwa, unasinzia ovyo, umepata degedege au mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, nenda hospitali leo. Mzee, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asipuuze hata kama ajali ina wiki kadhaa. Damu huweza kuvuja polepole.

Nameza Panadol karibu kila siku na haisaidii tena. Nihamie dawa kali zaidi?

Hapana, na huenda hiyo Panadol ndiyo imeanza kukuumiza. Paracetamol (ndiyo hiyo Panadol) au ibuprofen ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya 3, inaweza yenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini, kama Panadol Extra, na kwa tramadol, dawa kali ya maumivu, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta hali hiyo. Ukimeza kinapoa, dawa ikiisha mwilini kinarudi, unameza tena. Ukiacha, siku za mwanzo huwa mbaya, kisha hali hutulia. Watu wengi hawaulizwi swali hili kliniki, basi litaje mwenyewe: wiki iliyopita ulimeza vidonge siku ngapi?

Dawa ya kinga inatofautianaje na hiyo?

Ya kutuliza unameza kichwa kikikushika. Ya kinga unameza kila siku, kiume kisiume, ili mashambulizi yapungue na yasiwe makali. Daktari huanza kuifikiria maumivu yanapofika siku 4 au zaidi kwa mwezi, au yanapokukosesha kazi. Nikiri kwamba tafiti zilizofanywa kwa waliogonga kichwa ni chache. Madaktari huchagua kwa kutazama sura ya maumivu, wakitumia zilezile za kipandauso cha kawaida.

Nitapewa ipi?

Inategemea ajali imekuachia nini kingine. Asiyepata usingizi hufaa amitriptilini, kuanzia miligramu 10 usiku na kupandishwa polepole. Huleta kinywa kikavu, kufunga choo na usingizi unaoburuza hadi asubuhi. Imeze saa moja au mbili kabla ya kulala, na usiendeshe pikipiki mpaka ujue inakufanyaje. Dukani unaweza kuambiwa ni dawa ya sonona. Ni kweli hutumika huko pia, kwa dozi kubwa zaidi. Hujapewa kwa sababu hiyo.

Propranololi ni dawa ya presha na moyo, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kukinga kipandauso. Mwenye pumu asiiguse. Ambaye bado anapata kizunguzungu akisimama aseme mapema, kwani inashusha presha.

Topirameti nayo hufanya kazi, ila ina tabia ya kumpotezea mtu maneno na kumfanya mzito wa kufikiri. Kwa mgonjwa ambaye tayari analalamika kuwa kichwa kina ukungu tangu aanguke, mimi singeanza nayo. Pia ina madhara kwa mimba. Valproeti ina madhara makubwa zaidi kwa mimba, hivyo msichana au mama anayeweza kushika mimba aepukane nayo.

Nimemeza wiki mbili, sioni tofauti. Niache?

Bado mapema. Ikishafika dozi inayotakiwa, ipe wiki 8. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wanaipima kwa siku: leo kimeuma, basi dawa haifai. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama kila siku kichwa kinapouma, na alama nyingine ukimeza cha kutuliza. Zikitoka alama 16 mwezi wa kwanza zikawa 8 mwezi wa tatu, dawa inafanya kazi, hata kama hizo 8 zimekuudhi. Nenda na kalenda hiyo kliniki.

Na nikipata nafuu, nitaimeza maisha yangu yote?

Si lazima. Baada ya miezi 6 hadi 12 ya utulivu, daktari hujaribu kuipunguza kwa wiki kadhaa. Usiikate ghafla, hasa propranololi: moyo unaweza kwenda mbio na presha kupanda.