Dopamini: kemikali ya kukubali kuinama

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali haisemi ni kitu gani kichwani kinachokubali kuinama. Sehemu kubwa ya jibu ni dopamini, kemikali ambayo siku hizi imefika hadi vijiweni kwa jina la "homoni ya raha". Kijana akishinda na simu mkononi, wenzake husema anafukuzia dopamini. Jina hilo limewapotosha wengi.

Dopamini ni kemikali ambayo seli fulani za neva huitumia kupelekeana taarifa. Seli hizo ni chache, nyingi zimejikusanya kwenye ubongo wa kati, lakini matawi yake yanafika mbali. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa inayokausha akiba ya dopamini na kemikali za jamii yake ubongoni. Wakajilaza, masikio yameanguka, hawasogei. Alipowadunga L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, muda si mrefu wakainuka. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2000. (Wanaohubiri "kufunga dopamini", yaani kujinyima simu na starehe nyingine, kwa wiki nzima wangeonyeshwa kwanza wale sungura.)

Raha, je? Wanasayansi wenyewe waliamini kwa miaka mingi kwamba dopamini ndiyo raha. Kisha Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakawachunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote. Panya hao hawali wenyewe. Wataachiwa chakula mbele yao na bado wafe njaa. Lakini ukiwadondoshea maji ya sukari mdomoni, wanalamba midomo kama panya mzima. Utamu wanaujua vizuri. Kuufuata ndiko kulikowashinda.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la John Salamone wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Panya yuko kizimbani. Sakafuni kuna chakula cha kawaida cha maabara, bure. Ukutani kuna kifimbo. Akikibonyeza mara tano anapata tembe moja ya chakula kitamu. Panya mzima hakipi cha sakafuni muda wake: anabonyeza, anakula, anabonyeza tena. Punguza nguvu ya dopamini kidogo, naye anahamia cha bure. Hamu ya kula haijapotea, maana anakula vya kutosha. Ladha nayo haijabadilika: weka vyakula vyote viwili bila gharama, atachagua kile kitamu.

Salamone aliwajaribu pia kwa njia panda. Upande mmoja kuna tembe nyingi nyuma ya kizuizi cha kupanda, upande wa pili kuna chache bila kizuizi. Dopamini ikipungua, panya huenda kwenye chache. Ondoa hata hizo chache, abaki na kizuizi peke yake, naye anapanda! Miguu anayo. Kilichobadilika ni hesabu: je, ziada ile inalipa jasho lake?

Kwa binadamu hesabu hii nimeiona nyumbani. Baba mdogo ana Parkinson, ugonjwa unaoua seli zinazotengeneza dopamini. Watu huujua kwa kutetemeka, ila kwake ulianza na uzito wa kuinuka. Chupa ya chai ilikuwa mezani, hatua nne kutoka kwenye kiti chake, na angekaa asubuhi nzima bila kuifuata. Mpelekee kikombe, atakunywa hadi tone la mwisho, ataisifu tangawizi, ataomba kingine. Tulimwita mvivu karibu miaka miwili. Sasa naona aibu.

Upande wa pili nao upo. Baadhi ya wagonjwa wanaotumia dawa za kuiga dopamini wamejikuta wakicheza kamari ambayo hawakuwahi kuigusa maishani. Wanaifuata hata pale ambapo haiwapi furaha.

Si kwamba kila anayechelewa kuamka ana tatizo la ubongo. Usingizi, njaa, msongo wa mawazo na kazi isiyolipa vyote huingia kwenye mzani huo. Dopamini nayo haifanyi kazi peke yake, na hapa kahawa ina sehemu yake. Kadiri unavyokesha, ubongo hukusanya adenosini, kemikali inayoleta usingizi, nayo huvutana na dopamini katika eneo lilelile linalopima jasho na faida. Kafeini iliyomo kwenye kahawa hukalia kiti cha adenosini, yaani sehemu ya seli inayoipokea, bila kufanya kazi yake. Kwenye maabara ya Salamone, dawa zinazoziba viti vya namna hiyo ziliwarudisha kwenye kifimbo panya waliokuwa wamezuiwa dopamini. Kwa hiyo mpagazi anayeshusha kikombe cha kahawa chungu alfajiri hajapunguza hata kilo moja ya gunia. Ila bei ya kuliinua, jinsi ubongo unavyoihesabu, huenda imeshuka kidogo.