Nukuu Haijielezi Yenyewe: dhana potofu kuhusu ushahidi wa matini katika uhakiki wa hadithi

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa masomo ya ziada ya fasihi hapa Mbeya, wengi wao wa kidato cha tatu na cha nne kutoka Uyole, Iyunga na Mwanjelwa, hufika na lalamiko lilelile: "Mwalimu, hoja nimeitaja na mfano nimeutoa, kwa nini sikupewa alama?" Nimelisikia pia kwa wazazi waliobeba karatasi za watoto wao, na hivi karibuni nimelisikia kwa mwalimu mwenzangu, ndipo nikaona kwamba sasa lazima nijibu kwa maandishi.

Dhana: "Ukishanukuu, umethibitisha."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu anayeiamini huweka kalamu chini pale ambapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwanafunzi huandika dhamira, huweka nukta mbili, hunakili sentensi, hutia "uk. 27", kisha huhamia hoja inayofuata, kana kwamba sentensi hiyo itamweleza msahihishaji yenyewe inathibitisha nini. Namba ya ukurasa humwonesha msomaji mahali pa kutafuta, lakini haisemi lolote kuhusu maana ya atakachokikuta huko.

Tuchukue kifungu hiki, nilichokitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa ili asiwepo wa kukimbilia kitini chenye majibu:

"Mama Sekela alifungua fundo la kanga, akazihesabu noti mara mbili, akalifunga tena. 'Kaka yako hawezi kurudi shule na viatu vile,' alisema. 'Kesho nitakwenda Mwanjelwa.' Sekela alikuwa bado amesimama mlangoni, barua mkononi. 'Mama,' aliita. 'Sisikii,' mama alijibu, 'mvua hii na mabati haya!' Mvua ilikuwa imekatika tangu adhuhuri."

Ninapouliza kifungu hiki kinaonesha nini, jibu linalotangulia karibu kila mara ni umaskini, na ushahidi unaotolewa ni kwamba mama "akazihesabu noti mara mbili". Lakini kuhesabu fedha mara mbili hufanywa na maskini, hufanywa na mwenye duka la jumla, na hufanywa na yeyote anayeogopa kukosea. Tena kifungu chenyewe kinasema kwamba noti zipo na zimekwisha kupangiwa viatu. Nukuu imenakiliwa bila kosa hata moja, na bado dai halijathibitika.

Kinachokosekana ni kiungo. Mwaka 1958 mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alivitenganisha vitu vitatu ambavyo sisi hupenda kuvichanganya: dai, ushahidi unaotegemewa, na kanuni inayotupa ruhusa ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Wanafunzi wetu huandika viwili vya kwanza na kumwachia msahihishaji cha tatu, ilhali cha tatu ndicho kinachoonesha kwamba mtu amefikiri.

Sasa tazama mwisho wa kifungu. Mama anadai kwamba mvua inamzuia kusikia, na msimulizi anatuambia kwamba mvua ilikatika tangu adhuhuri. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na kwa kuwa msimulizi huyu hajatupa sababu yoyote ya kumtilia shaka, asemaye lisilo kweli ni mama. Kwa nini mtu asingizie mvua iliyokwisha kukatika? Kwa sababu hataki kuitika, na anayemwita amesimama na barua. Kutoka hapo tunaweza kusema kwa uthabiti kwamba mama anayakwepa mazungumzo na binti yake. Tunaweza kusema, kwa tahadhari kidogo, kwamba anachokikwepa ni barua ile, na kwamba yaelekea inahusu fedha, kwa kuwa noti zimehesabiwa na kufungwa tena huku barua ikisubiri mlangoni. Hatuwezi bado kusema kwamba anambagua binti na kumpendelea mwana wa kiume, ingawa mstari wa viatu unaelekea huko. Dai hilo ni zito kuliko kifungu hiki, nalo litangoja tukio jingine hadithini la kulibeba. Huku kupima "bila shaka", "yaelekea" na "huenda" ndiko ninakokuita uhakiki, na mwanafunzi anayeandika kila kitu kwa sauti moja ya uhakika hunionesha kwamba hajapima chochote.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuchoka nami sitaacha kuurudia, ni huu: lifute neno au tukio unalolitegemea, kisha uitazame hoja yako. Ukifuta "mara mbili", hoja ya kukwepa inabaki palepale. Ukifuta sentensi ya mwisho, inaporomoka, kwa maana mama anageuka kuwa mtu ambaye kweli hasikii. Basi sentensi ya mwisho ndiyo ushahidi wako, na hiyo ndiyo ya kunukuu. Ukishainukuu, anza sentensi inayofuata kwa kueleza sababu ya kuichagua. Ikiwa sababu haiji, chagua nukuu nyingine.

Dhana: "Nukuu ndefu ndiyo yenye nguvu."

Hapana. Aya nzima iliyonakiliwa humlazimisha msahihishaji akutafutie neno ulilolikusudia, na hatafanya hivyo. Katika kifungu chetu, "tangu adhuhuri" yanatosha, mradi uyaeleze.

Dhana: "Ninavyoyajua maisha, huo ni ushahidi tosha."

Mwanafunzi aliyekulia Rungwe ataniambia kwamba akina mama wa kijijini kwao huwapeleka shule wavulana kwanza, na pengine anasema kweli, ila jambo hilo limo kijijini kwao na halimo katika matini. I. A. Richards, aliyefundisha Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi na kukusanya maoni yao ya maandishi. Alipochapisha matokeo mwaka 1929, miongoni mwa vikwazo vya usomaji alivyovitaja ni kumbukumbu binafsi za msomaji zinazojiingiza mahali pa maneno aliyopewa, na hisia za mazoea anazokuja nazo kabla hajasoma. Hayo ndiyo ninayoyasahihisha hadi leo. Sisemi kwamba maisha hayana nafasi. Kila aliyekulia nyanda hizi anajua jinsi mvua ya masika inavyozima mazungumzo ndani ya nyumba ya bati, na ujuzi huo unatusaidia kuona kwa nini udhuru wa mama unaingia akilini upesi. Lakini ujuzi huohuo ndio unaowafanya wasomaji wangu wengi waupokee udhuru huo na kuipita sentensi ya mwisho bila kuigusa. Maisha yakusaidie kuuliza swali, na jibu ulitafute katika matini.

Dhana: "Kila msomaji na tafsiri yake, kwa hiyo hakuna anayekosea."

Tafsiri zaweza kuwa nyingi, lakini haziwi sawa kwa uzito. Anayesema kwamba mama Sekela ni kiziwi ametoa tafsiri, nayo ni dhaifu, kwa sababu haielezi kwa nini mama ataje mvua isiyokuwepo. Tafsiri iliyo bora ni ile inayoeleza mambo mengi zaidi ya matini bila kulazimisha hata moja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoificha sehemu isiyokubaliana na hoja yao. Itaje, kisha ueleze kwa nini hoja bado inasimama, au uipunguze hoja.

Dhana: "Anachosema mhusika ndicho anachoamini mwandishi."

Maneno ya mhusika ni ushahidi kuhusu mhusika. Hata msimulizi aweza kutupotosha, kama Wayne Booth wa Marekani alivyoeleza mwaka 1961 alipozungumzia msimulizi asiyeaminika, kwa hiyo kabla ya kunukuu jiulize ni nani anayesema, anamwambia nani, na anataka kupata nini.

Dhana: "Mtihani hauruhusu kitabu, kwa hiyo dawa ni kukariri nukuu."

Swali la fasihi la kidato cha nne hutaka hoja kadhaa kutoka katika kila kitabu, tena kwa kumbukumbu, na hofu hiyo naielewa. Lakini ushahidi si lazima uwe maneno yaleyale ya mwandishi. Tukio lililosimuliwa kwa usahihi, likiwa na mtu wake, wakati wake na mazingira yake, ni ushahidi kamili: "Mama anasingizia kelele za mvua ilhali mvua imekwisha kukatika, na binti yake bado ameshika barua ambayo hajaulizwa habari zake." Hakuna alama za kunukuu katika maelezo hayo, na hakuna namba ya ukurasa. Ukikumbuka maneno machache ya mwandishi, yaweke ndani ya alama zake. Usipoyakumbuka, eleza tukio kwa maneno yako, wala usithubutu kutunga maneno na kumbandika nayo mwandishi.